Mjadala: Je, ni haki kuweka pembea za watoto kwenye ukuta unaoliza watu?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Tarehe 28 Julai 2019, kwenye uzio wa chuma unaotenganisha Sunland Park, jimbo la New Mexico nchini Marekani, na mtaa wa Anapra katika jiji la Ciudad Juárez, Mexico, mihimili mitatu ya chuma yenye rangi ya pinki ilipenyezwa katikati ya nguzo za uzio. Kila ncha ina kiti, na ukuta wenyewe ndio egemeo. Zikawa pembea zile ambazo mmoja akipanda mwenzake anashuka. Watoto na wakubwa wa Anapra wakakaa upande wao, wa upande wa Marekani wakakaa wao, wakapandishana na kushushana huku wakicheka. Walinzi wa mpaka wakaja, wakatazama, hawakuzuia. Haikufika saa moja, zikaondolewa.

Waliobuni ni Ronald Rael na Virginia San Fratello, wasanifu majengo wanaofundisha vyuo vikuu California. Mchoro wa kwanza waliuchora mwaka 2009. Pembea zilichomelewa Ciudad Juárez kwenyewe, na kikundi cha huko, Colectivo Chopeke, kikashirikiana nao. Januari 2021, Design Museum ya London ikaipa kazi hiyo tuzo yake kuu ya ubunifu ya mwaka 2020.

Wapo wanaosema ni dhihaka: mahali ambapo familia zimetenganishwa pageuzwe kiwanja cha michezo? Mimi naiunga mkono kwa moyo wote, na nitaeleza.

Anzeni na rangi. Tangu miaka ya 1990, Ciudad Juárez imejulikana kwa mauaji ya wanawake, na misalaba ya pinki husimamishwa kuwakumbuka. Rael ameeleza kwamba rangi ya pembea ilitokana na kumbukumbu hizo. Kwa hiyo mtoto anayecheka pale amekalia rangi ya msiba wa mji wake. Hilo halikutokea kwa bahati.

Halafu pembea yenyewe. Huwezi kuicheza peke yako. Unapanda kwa sababu mtu wa ng'ambo ameshuka, na mtu huyo ndiye sheria inakukataza usimfikie. Akiamua kunyanyuka, wewe unaanguka. Mwaka 2018 maelfu ya watoto walitenganishwa na wazazi wao kwenye mpaka huu, na wengi wetu tuliisikia habari hiyo kama idadi tu. Aliyekaa kwenye kile kiti alipata furaha na uchungu kwa mpigo, mwilini, bila kusomewa hotuba. Mnara wa huzuni tupu usingeweza kumfanyia hivyo, kwa sababu mbele ya huzuni tupu watu huinamisha kichwa, kisha huondoka.

Nisichokubali ni mihimili ile kuwekwa kwenye jumba la makumbusho ili watazamaji waijaribu. Bila ukuta ule ni pembea kama nyingine.

Karibuni.

—

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapa tunapishana kabisa. Tarehe 3 Agosti 2019, siku sita tu baada ya pembea, mtu mwenye bunduki aliingia duka la Walmart mjini El Paso, jirani na hapo, akaua watu 23. Aliwalenga watu wenye asili ya Mexico. Pembea zako zilipunguza nini?

Na hao walinzi unaowataja, kwa nini hawakuzuia? Mwenye nguvu akikuachia ucheze, ujue mchezo wako haumgusi. Laiti wangeng'oa nguzo moja tu ya uzio ule, tungeona kama wangetazamwa. Video ikazunguka dunia nzima, watu wakatokwa na machozi matamu, wakaendelea na shughuli zao. Ukuta uko palepale. Mimi naona kazi ile iliwaliwaza zaidi waliokuwa mbali, na hao hawakuhitaji kuliwazwa.

—

Mwanzisha mada:

Ndugu yangu, hoja ya walinzi ni nzito, na sina jibu la kuimaliza. Lakini unaidai sanaa kazi ya kuzuia risasi, kazi ambayo hata msiba hatuudai.

Fikiria watani msibani kwetu. Jeneza liko ndani, wafiwa hawana nguvu, na mtani anaingia amevaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anadai kilichomo kwenye mfuko wa koti. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayesema mtani amemdharau marehemu. Ila jambo moja halina mjadala: si kila mtu anaruhusiwa. Mpita njia akifanya vile atafukuzwa, pengine kwa fimbo. Mtani ana haki hiyo kwa sababu na yeye ni wa msiba ule.

Ndiyo maana nauliza waliokaa kwenye viti ni nani. Anapra walikaa watu wanaoamka na uzio ule mlangoni. Kama wangekuwa watalii wa London upande huu na watalii wa Paris upande ule, ningekuwa upande wako.

—

Mchangiaji wa pili:

Kaka, kipimo chako nimekipenda, lakini kinagoma kwenye misiba ambayo wenyewe hawapo. Berlin kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa Ulaya, nguzo 2,711 za zege, ulifunguliwa mwaka 2005. Msanifu wake, Peter Eisenman, alisema mapema kwamba watoto watacheza humo, na hakuona ubaya. Mwaka 2017 msanii Shahak Shapira alichukua picha za vijana waliokuwa wakirukaruka juu ya nguzo zile akazibandika kwenye picha za maiti za kambi za Wanazi, wengi wakaona aibu. Nani alikuwa sahihi? Waliokufa hawawezi kumpa mtu ruhusa ya kucheza.

Na hapa kwetu Mkunazini, Zanzibar, ipo sanamu iliyochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998: watumwa watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Ungekubali iwekwe pembea pale?

—

Mwanzisha mada:

Hapana, dada, nisingekubali. Pale Mkunazini upande wa pili wa pembea hauna mtu wa kukaa. Anapra kulikuwa na mtu hai, mwenye uzito wake, anayeweza kukataa na kunyanyuka. Na Berlin msanifu hakujenga mchezo, aliacha nafasi na wageni wakauleta wenyewe. Kwa hiyo simlaumu Eisenman, ila wanaoruka juu ya zile nguzo wananiudhi.

—

Mchangiaji wa tatu:

Nyote mmezungumzia haki ya kucheza. Watoto wa Anapra je? Walipandishwa, wakapigwa picha, pembea zikafungashwa. Kama mchezo ule ni wao kweli, kwa nini wabunifu wasipigane ubaki, hata kwa kushtakiwa? Nikipata jibu la hilo, nitajua nimpigie kura nani.