Wamepaka wino mweusi hadi UREFU wa mchezaji. Urefu, wakuu!

Mtupa Kapu (mwanzisha uzi)

Mods, msiuhamishie huu uzi kule kwenye vichekesho. Nina hasira za kweli.

Idara ya michezo ya chuo kile (mnakijua, na yule msemaji wao mwenye tai ya rangi ya embe bivu mnamjua) leo mchana imelijibu gazeti la wanafunzi. Waliombwa stakabadhi za safari ya timu ya mpira wa kikapu: hoteli, ndege, chakula. Zimekuja kurasa 212, nyeusi kama sufuria la shughuli. Wino ule ungepaka daladala tatu na ukabaki wa kupaka kondakta. Ukurasa wa 88, stakabadhi ya hoteli: kitanda cha ziada, kirefu, cha mchezaji mwenye urefu wa futi... weusi. Wamefuta urefu! Pembeni wameandika sababu: Ferpa.

Mtu ni mnazi unaotembea, anaonekana tangu kwenye maegesho, halafu urefu wake ni siri ya mwanafunzi.

Ferpa ni sheria ya Marekani ya 1974 ya kulinda siri za kumbukumbu za wanafunzi, ile ya seneta Buckley wa New York. Kanuni zake zinataja taarifa ambazo chuo kinaweza kuzitoa bila kumwomba mtu ruhusa: jina, fani anayosomea, michezo anayoshiriki, na humo humo, kwa maandishi kabisa, UZITO NA UREFU wa wachezaji wa timu. Waliotunga kanuni walimfikiria hadi huyu mrefu wetu! Na kitabu cha mechi kinachouzwa mlangoni kina urefu wake, uzito wake na sekondari aliyotoka. Ukiununua urefu unapewa. Ukiuomba kwa barua, siri.

Buckley mwenyewe mwaka 2009 aliliambia gazeti la Columbus Dispatch kwamba haya siyo waliyoyakusudia, na kwamba sheria inahitaji kurekebishwa. Mwenye mtoto amemkana mtoto. Hawa bado wanambeba mgongoni.

Urefu, jamani.

Pilipili Manga

Nimesoma povu lote hadi mwisho, kumbe kitanda. Futi ngapi lakini?

Karani Mstaafu

Mkuu, punguza jazba. Ombi liliandikwaje? Kama mlimtaja mchezaji kwa jina, mmejichinja wenyewe. Tangu marekebisho ya kanuni ya 2008, chuo kikiwa na sababu ya kuamini kwamba mwombaji anamjua mwanafunzi mwenye faili, kinaweza kukataa hata kama jina lingefutwa. Andika "stakabadhi zote za usafiri za idara ya michezo, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani". Usitaje jina, usitaje namba ya jezi, usiandike "yule mrefu".

Sasa ombeni lile tangazo lao la kila mwaka, linaloorodhesha taarifa wanazozihesabu kuwa za wazi. Urefu ukiwemo, hawana pa kutokea, labda mchezaji awe amewaandikia kwamba zake zisitolewe. Na kama aliandika, kitabu cha mechi kimemchapaje?

Mtupa Kapu

Jina HALIKUTAJWA. Iliandikwa "timu", basi. Wakafuta urefu.

Fundi Barua

Mnazunguka mbuyu bure. Sheria inakibana chuo. Haimbani mchezaji wala gazeti. Kijana akisimulia faili lake mwenyewe kantini, hakuna sheria iliyovunjwa. Akitaka chuo kitoe karatasi, aandike ridhaa yenye mambo manne: sahihi na tarehe, kumbukumbu zipi, kwa sababu gani, apewe nani. Ukikosa hata moja mnarudishwa. Akitaka kuliona faili yeye mwenyewe, chuo kina siku 45 za kumwonyesha. Kasoro yake ni kocha: akijua kijana kaandika, benchi linamsubiri msimu mzima.

Mzee wa Mikeka

Siri gani jamani? Ligi za vyuo, Big Ten tangu 2023 na SEC tangu 2024, wanatangaza kabla ya mechi za futiboli yao ya Kimarekani nani atacheza na nani hachezi. Kisa kamari. Goti la kijana lipo hadharani ili watu wapange mikeka, ila kitanda alicholalia ni siri ya taifa. Mimi nalalamikia saa wanazotangaza, mkeka unakuwa umeshakwenda.

Wakili wa Kijiweni

Mwanzisha uzi umelia vizuri ila hukwenda mahakamani. Gazeti la wanafunzi la Maryland, The Diamondback, liliomba rekodi za faini za maegesho za wachezaji wa kikapu, chuo kikajificha nyuma ya hiyo hiyo Ferpa. Mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1998 ikasema faini ya gari siyo kumbukumbu ya kielimu. Kwa mantiki hiyo, kitanda nacho ni elimu gani? The Daily Tar Heel la North Carolina nalo lilishinda 2020: majina ya waliokutwa na hatia ya makosa ya kingono kwenye mabaraza ya nidhamu ya chuo yakaamriwa yatolewe, kwa sababu Ferpa inaruhusu kutoa jina, kosa na adhabu kwa makosa ya aina hiyo.

Ila msichekelee sana. Ohio 2012, kituo cha michezo cha ESPN kiliambulia kidogo: mahakama ilikubali kwamba barua pepe zinazohusu wachezaji ni kumbukumbu za kielimu.

Pilipili Manga

Hajajibu futi ngapi.

Mbeba Boksi

Nyie mnalia na chuo cha umma, walau kuna barua ya kukataliwa. Chuo binafsi kwa kawaida sheria za nyaraka za umma hazikigusi, unaandika hadi wino unaisha. Kinachobaki ni fomu 990 ya kodi, yenye malipo ya makocha wakubwa, na daftari la matukio la polisi wa chuo. Hilo, matukio ya siku 60 zilizopita, unalisoma saa za kazi bila kumbembeleza mtu. Rekodi za polisi wa chuo ziliondolewa kwenye ulinzi wa Ferpa tangu 1992. Nendeni na kalamu.

Dada wa Minneapolis

Vitanda, vitanda! Fungueni macho. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Omba mkataba uone: Ferpa. Mshahara wa kocha wa chuo cha umma unausoma, wa mchezaji ni faili la kielimu. Elimu ya nini, ya kuhesabu noti?

Mtupa Kapu

Dada, fungua uzi wako. Hapa tuko kwenye UREFU, ukurasa wa 88.

Dada wa Minneapolis

Huo urefu wako una milioni 20?

Chakubimbi

Wenzetu wanaficha kitanda. Nyumbani NECTA inaweka matokeo ya kidato cha nne mtandaoni, shule nzima, somo kwa somo. Ukijua namba ya mtahiniwa, "F" ya jirani unaisoma ukiwa kwenye bodaboda.

Karani Mstaafu

Ndiyo maana zinawekwa namba badala ya majina.

Chakubimbi

Mtaani namba ya mtu nani haijui? Shangazi zangu wanazo za ukoo mzima.

Mzee wa Mikeka

Hapo kwenye NECTA nimeshtuka. Ukisahau namba yako unaipataje?

Mbeba Boksi

Nenda shule uliyosoma, wanayo orodha ya watahiniwa. Beba cheti cha kuzaliwa.

Mtupa Kapu

Wakuu, urefu...

Mzee wa Mikeka

Na kama shule ilishabadilishwa jina?