Naomba ushauri: sindano za Kichina zinaondoa kweli mafua ya aleji? Nimeambiwa niache dawa zote

Binti Robota
Habari za jioni wakuu.

Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kuchomwa sindano za Kichina (akupancha) kwa ajili ya aleji.

Nauza mitumba Karume, nguo za watoto, mwaka wa saba huu. Shida yangu ni pua. Nikikata tu mikanda ya robota, kabla hata sijalifumua, lile vumbi la kwanza likipanda basi tena. Chafya kumi, kumi na tano mfululizo, pua inachuruzika maji, macho yanawasha hadi nayafikicha kwa mgongo wa mkono na yanavimba. Najifunga kanga puani, lakini wateja wanaogopa, wanadhani naumwa kitu cha kuambukiza. Asubuhi nikiamka ni hivyohivyo, hata Jumapili ambayo siendi sokoni. Na nina pumu tangu utotoni. Si kali sana, ila pampu haitoki kwenye pochi yangu.

Vile vidonge vidogo vya njano vinanilaza. Nikimeza asubuhi, saa nne nasinzia juu ya nguo na watu wanachagua bila mimi kuona. Mwaka jana daktari alinipa dawa ya kupuliza puani, nikatumia siku nne, sikuona kitu, nikaiweka kabatini.

Sasa wiki iliyopita jirani yangu wa meza kanipeleka kliniki moja ya sindano. Ukutani wamebandika karatasi kuwa Shirika la Afya Duniani limethibitisha akupancha inatibu mafua ya aleji. Wanataka laki nne na nusu kwa mara 12, nusu nitangulize. Wamesema aleji itatoka na mizizi yake. Sharti lao ni niache dawa zote wiki mbili kabla ya kuanza, pampu ikiwemo, ili mwili usafike.

Hela ipo, nimepokea mchezo juzi, ingawa niliipangia robota jipya. Nimechoka na hii pua jamani. Niende?

Mtoto wa Mbagala
Dada, mengine wataalamu watakujibu, mimi nakuomba kitu kimoja tu. PAMPU USIIACHE. Mdogo wangu aliacha ya kwake kwa sababu ya maji ya majani aliyopewa, tukamkimbiza usiku wa manane kwa bodaboda huku midomo imegeuka rangi. Amepona, lakini ule usiku sitausahau. Yeyote anayekwambia uweke pampu pembeni hajui pumu ni nini.

Fundi Bati
Mimi nilichomwa kwa ajili ya mgongo, nilipata nafuu. Aleji sijui. Ila laki nne na nusu kwa mkupuo ni hela nyingi, waambie ulipe kila unapochomwa. Wakikataa ujue kuna jambo.

Mzenji wa Michenzani
Dada yangu, sisi huku hizi sindano si ngeni. Madaktari wa Kichina wanakuja Unguja tangu 1964, wazee wetu wamezizoea.

Mimi nna mafua haya ya aleji na nilichomwa na daktari wa Kichina, nikwambie ilivyo. Sindano ni nyembamba mithili ya unywele. Mbili anazitia kandokando ya pua, hapo kwenye mkunjo ambapo tundu ya pua inakutana na shavu, wao wanapaita Yingxiang. Nyengine anatia mkononi, kwenye nyama baina ya kidole gumba na cha shahada. Huumii kama sindano ya hospitali. Unahisi kitu kizito, kama ganzi inayovuta, na hiyo ndiyo anayoitafuta, anakuuliza mpaka useme naam. Halafu unalala dakika ishirini hivi.

Siku ile pua ilifunguka, wallahi nilisikia harufu ya karafuu nikiwa njiani narudi. Nilikwenda wiki sita. Nilikaa vizuri kiasi, chafya zilipungua, vidonge nikawa navisahau. Baada ya miezi miwili mitatu yakarudi kama yalivyokuwa. Sijutii, lakini "kutoka na mizizi" hakukuwepo. Na yule daktari hata siku moja hakuniambia niache dawa. Mara ya kwanza tu aliuliza natumia dawa gani, akaandika.

Mswahili Berlin
Dada Binti Robota, pole sana. Niko Berlin mwaka wa tisa nasoma na kufanya kazi kwenye afya ya jamii, na mimi mwenyewe kila ifikapo mwezi wa nne nalia machozi kwa chavua. Kwa hiyo swali lako nimelisoma sana, kwa ajili yangu kwanza.

Utafiti ninaouamini kuliko mingine ulitoka mwaka 2013 kwenye jarida la Annals of Internal Medicine, ukiongozwa na Benno Brinkhaus wa hospitali ya Charité, hapahapa Berlin. Walichukua watu 422 wenye aleji ya chavua wakawagawa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano halisi mara 12 ndani ya wiki 8. La pili nalo lilichomwa mara 12, lakini sindano za kuigiza: zinaingia juujuu tu, tena mahali ambapo si pointi za tiba. La tatu halikuchomwa kabisa kwa wiki hizo 8. Na makundi yote matatu yaliruhusiwa kumeza setirizini, dawa ya kawaida ya aleji, kila mtu alipoona anaihitaji.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Hakuna aliyeambiwa aache dawa ili sindano zifanye kazi. Sindano zilipimwa zikiwa JUU ya dawa. Sasa hao wanaokutaka uache kila kitu wanakuuzia jambo ambalo utafiti huu haukulifanya kabisa.

Matokeo yake? Kuna kipimo cha jinsi pua inavyokuharibia maisha, kuanzia 0 hadi 6. Sindano halisi ziliwashinda waliotumia dawa peke yake kwa alama 0.7, na zikazishinda zile za kuigiza, ambazo nazo zilileta nafuu kidogo, kwa 0.5. Nusu alama kwenye kipimo hicho ndiyo tofauti ndogo kabisa ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuihisi. Siku za kuhitaji vidonge nazo zilipungua kidogo. Walipopimwa tena wiki ya 16, tofauti zilikuwa zimeshapotea. Soma tena alichoandika Mzenji hapo juu, ni kama alikuwa mmoja wa wale 422.

Aleji yako ni ya mwaka mzima, si ya msimu. Kwa aina hiyo kuna utafiti wa Australia wa mwaka 2007, watu 80, wiki 8, mara mbili kwa wiki. Nao uliona dalili za pua zikipungua zaidi kwa sindano halisi kuliko za kuigiza. Lakini watu 80 ni wachache mno kwa mtu wa kutoa laki nne na nusu.

Binti Robota
Asante sana kaka wa Berlin, na wewe Mzenji. Pampu nimeelewa, siiachi. Lakini kuna kitu sijakielewa. Kama hata waliochomwa za kuigiza walipata nafuu, si inamaanisha zinafanya kazi popote unapochomwa? Na ile karatasi ya Shirika la Afya Duniani ni ya uongo?

Mswahili Berlin
Swali zuri dada. Mtu akilala ametulia, mwenzake akamsikiliza shida zake, akamgusa, akamwambia utapona, mwili wake unaitika. Nafuu hiyo anaihisi kweli, hadanganyi. Tena aleji za msimu hupungua zenyewe chavua zikiisha. Ndiyo maana lazima liwepo kundi la kuigiza: ukitoa hayo yote, kinachobaki ndicho cha sindano yenyewe. Kilichobaki kwa pua ni kidogo, ila si sifuri.

Karatasi si ya uongo, ni ya zamani. Shirika lilitoa ripoti mwaka 2003, na kweli mafua ya aleji yamo kwenye orodha ya magonjwa yaliyotajwa kuwa akupancha imeonyesha kuyasaidia. Lakini ripoti hiyo ilitegemea tafiti za miaka ya tisini kurudi nyuma, nyingi ndogo, na ilikosolewa sana kwa hilo. Halafu "kusaidia" kwenye ripoti imegeuka "kuondoa na mizizi" mdomoni mwa muuzaji.

Madaktari wa pua na koo wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2015 walisema daktari ANAWEZA kumpa akupancha mgonjwa wa mafua ya aleji anayependa njia isiyo ya dawa. Hawakusema ni lazima, wala kwamba inachukua nafasi ya dawa. Na huku Ujerumani kwenyewe, walikofanya utafiti ule mkubwa, bima ya umma tangu 2007 inalipia akupancha kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti tu. Pua hulipi kwa bima, unalipa mfukoni.

Mfamasia Moro
Nimechelewa kuuona uzi. Dada, naomba turudi kwenye kitu ulichokipita haraka: ile dawa ya kupuliza uliyoitumia siku nne.

Kama ni ya steroidi (beklometasoni, flutikasoni, mometasoni, angalia jina kwenye boksi), hiyo ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote tulizonazo kwa pua ya aina yako, na siku nne hazitoshi kuihukumu. Inajenga polepole. Inatakiwa kila siku, hata siku ambayo pua imetulia, na nguvu yake kamili unaiona baada ya wiki moja hadi mbili. Watu wengi wananirudia dukani wakisema haifanyi kazi, nikiwaambia wanionyeshe wanavyopuliza, naona tatizo palepale. Wanainua kichwa juu na kuvuta kwa nguvu kama ugoro. Dawa yote inaishia kooni.

Fanya hivi: penga kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo. Pua ya kushoto tumia mkono wa kulia, na ya kulia mkono wa kushoto, ili ncha ielekee upande wa sikio na siyo ukuta wa katikati ya pua (huo ukipulizwa kila siku unatoka damu). Puliza, vuta taratibu kama unanusa ua. Ukisikia uchungu kooni umevuta sana.

Kabla ya hapo, jioni ukitoka sokoni, safisha pua kwa maji ya chumvi: maji yaliyochemka yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Usitumie ya bomba moja kwa moja. Utashangaa rangi ya kinachotoka siku uliyofungua robota.

Vidonge vya njano (klofenirami) vinalaza, hujakosea. Omba setirizini au loratadini, na setirizini umeze usiku. Lakini yale matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, ukizidisha pua inaziba zaidi ya mwanzo.

Jambo jingine linanisumbua. Umesema asubuhi unapiga chafya hata Jumapili. Basi si robota peke yake. Mara nyingi hapo ni utitiri wa vumbi, vile vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, kwenye godoro na mto, na Dar kwa joto na unyevu wake wanazaliana vizuri tu. Mzigo unauhifadhi wapi?

Binti Robota
Chumbani. Robota la akiba liko chini ya kitanda.

Mfamasia Moro
Litoe leo dada. Hata kama litakaa ukumbini. Mashuka yafue kwa maji ya moto kila wiki, godoro lianike juani. Na ukipata nafasi nenda hospitali kubwa ufanyiwe kipimo cha ngozi, wanakudondoshea matone mkononi na kukuchoma kidogo, baada ya dakika 15 au 20 unaona kipi kinavimba. Ujue adui yako ni nani kabla hujalipa mtu wa kumfukuza. Pumu nayo mwambie daktari aiangalie, pua ikivurugika kifua hakitulii.

Baada ya hayo, kama bado unazitaka sindano, sikukatazi. Kachomwe kwa mtu anayefungua sindano mpya mbele yako, anayekuacha na dawa zako, na unalipa mara mojamoja.

Mzenji wa Michenzani
Hapo kwenye sindano mpya napigia mstari. Akizitoa kwenye kisahani zimelala wazi, inuka uondoke. Homa ya ini haina mchezo.

Binti Robota
Robota nimelitoa jana usiku, mume wangu kanisaidia kulivuta. Chini ya kitanda kulikuwa na vumbi la kutisha, nilipiga chafya mpaka mtoto akaamka. Kliniki sijawalipa, wamepiga simu mara mbili, nimewaambia wasubiri.

Boksi la dawa nimelikuta kabatini, ni flutikasoni kama ulivyosema. Chupa niliifungua mwezi wa sita mwaka jana. Naweza kuendelea nayo au ninunue nyingine?

Mfamasia Moro
Nunua nyingine dada. Ikishafunguliwa haikai muda wote huo, hata kama tarehe ya kwenye boksi haijafika. Mpya itikise, ipulize hewani mara kadhaa mpaka itoke kama ukungu, ndipo uanze. Uje hapa baada ya wiki mbili utuambie.