Tupeane uzoefu: mtandao wa wahitimu mnaupimaje, au mnahesabu tu grupu la WhatsApp?

Kalamu ya Lanet
Wadau, hamjambo. Hapa Nakuru inazunguka ripoti ya tathmini ya programu moja ya kukuza viongozi vijana. Inasema asilimia 100 ya wahitimu "wameunganishwa". Ukifika kwenye viambatisho unagundua kuunganishwa maana yake ni kuwa ndani ya grupu la WhatsApp. Grupu ambalo mtu akishatiwa haondoki, analinyamazisha tu. Walio na mikono ndani ya kazi hii, mwageni mnavyopima. Nadharia tunazo za kutosha. Nataka swali lenyewe linavyoandikwa na pale linapoharibikia.

Nyanza Takwimu
Anza na jozi. Watu 40 wana jozi 780 zinazowezekana (40 × 39 ÷ 2). Swali ni jozi ngapi kati ya hizo zimefanya kitu pamoja. Zikiwa 78, hiyo ni asilimia 10, na kwa watu waliotawanyika kutoka Njoro hadi Bungoma si mbaya hata kidogo.

Usiulize "unamfahamu nani?" Wamelala hoteli moja wiki mbili, watakuambia wote. Uliza kitendo na ukifungie muda: "Katika miezi 6 iliyopita, ni nani kati ya hawa ulimwomba ushauri wa kazi?" Halafu "ni nani mmeandika ombi la fedha au kuendesha shughuli pamoja?" Maswali mawili, matatu basi. La nne linajibiwa na kidole, si kichwa.

Weka orodha ya majina yote 40 watu watie tiki. Ukisema "andika watano", umeshaweka dari: hata wakijaza wote, unapata viungo 200 kati ya 1,560 (hapa tunahesabu kila upande peke yake), chini kidogo ya asilimia 13. Kisha mtathmini anaandika kwamba mtandao ni dhaifu, kumbe dhaifu ni fomu.

Na wasiojibu ndio wanaoua kazi. Wakikosekana 10 kati ya 40, jozi 45 hazina shahidi hata mmoja, na jozi 300 zina ushahidi wa upande mmoja. Zenye pande zote mbili zinabaki 435. Hiyo ni robo tu ya watu, lakini umepoteza uhakika wa karibu nusu ya ramani ya mtandao, ule mchoro ambao kila mtu ni nukta na kila kiungo ni mstari. Chini ya asilimia 80 ya majibu, usichore kitu.

Omwami wa Luanda
Hiyo ya "andika watano" imezika mitandao mingi iliyo hai. Kweli tupu.

Dunga Machweo
Mmesema kuchora ramani, basi ile ya Kisumu lazima isemwe. Wengi wa kazi hii hapa mjini wanaijua.

Ukumbi wa hoteli, wafadhili viti vya mbele, wahitimu nyuma. Mtathmini akarusha ramani ya mtandao ukutani, majina yote wazi. Watu wakainuka kujitafuta, simu juu, picha zinapigwa. Duara kubwa kuliko yote, mistari imeizunguka kama mdudu wa miguu mingi, lilikuwa la karani wa nauli. Hojaji ilikuwa imeuliza "umewasiliana na nani mwezi huu?", na yeye ndiye aliyemtumia kila mtu nauli ya matatu kwa M-Pesa. Mfadhili akaanza kuuliza huyu kiongozi wa kipekee ni nani. Ukumbi ukacheka, yeye akatazama chini.

Kicheko hakikuishia hapo. Kona ya chini kulia kulikuwa na nukta moja haina mstari hata mmoja, na jina lake. Mtu akasema kwa sauti, "Huyu naye hana rafiki?" Mwenye jina alikuwa pale pale karibu na mlango, mkoba magotini. Ni mama anayefanya kazi na wafanyabiashara wadogo wa mpakani Busia. Watu wake wote, wa upande huu na wa Uganda, hawamo kwenye orodha ya wahitimu, na hojaji haikuwa na mahali pa kuwaandika. Kwa hiyo mwenye mtandao mpana kuliko wengi mle ndani ndiye aliyechorwa mpweke. Hakungoja chakula cha mchana.

Jioni picha ilikuwa kwenye grupu. Hojaji iliyofuata, kila mtu alimtia tiki kila mtu. Ramani ikatoka kama kikapu kilichosukwa, haisomeki. Miaka ya takwimu ikaharibika kwa slaidi moja.

Mama Kibuye
Woi. Na yule karani maskini.

Section 58
Hiyo picha bado ninayo, imezunguka mpaka huku.

Mama Kibuye
Na unaitunza ya nini, ndugu yangu? Ifute.

Kalamu ya Lanet
Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mtu akikubali jibu lake litumike kwa tathmini, hajakubali jina lake litundikwe ukutani. Idhini iandikwe vipande vipande: kukusanya, kuchora, kuonyesha wengine. Kila kipande na tiki yake. Ramani ya kuonyeshwa iwe na namba, na kila mhitimu atumiwe namba yake peke yake.

Omwami wa Luanda
Namba katika watu 40? Ukipaka rangi kwa kaunti, na wa Vihiga ni mmoja, umeshamtaja. Toa rangi ya kaunti kwanza, ndipo tuzungumze namba.

Section 58
Au msichore kabisa. Jedwali linatosha.

Dunga Machweo
Hapana, omera, kuchora kuna faida. Ila wahitimu waione kabla ya mfadhili, mlango umefungwa, kwa sababu wao ndio watakuambia "huu mstari ni wa deni, si wa ushauri". Na kabla ya yote, ondoa wafanyakazi wa programu kwenye ramani uichore upya. Ikipasuka vipande vitano, huna mtandao. Una ofisi yenye wateja. Kipimo hicho kimoja ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Nyanza Takwimu
Hapo nakuunga mkono. Na ongeza kwenye hojaji nafasi tupu za kujaza: "taja hadi watu 5 nje ya programu uliofanya nao kazi." Hapo dari haina ubaya, kwa sababu huwezi kuwapa orodha ya dunia nzima.

Mama Kibuye
Kwa watu wachache kompyuta ni mzigo. Kuna njia ya Net-Map aliyoibuni mtafiti Eva Schiffer: karatasi ya manila, vikaratasi vya kubandika, kalamu nene za rangi. Kila mtu au taasisi inaandikwa kwenye kikaratasi chake. Kisha mishale, kila rangi kitu chake: pesa, ushauri, amri. Mwisho mnajenga minara kuonyesha nani ana ushawishi. Vifuniko vya soda vinafaa kabisa. Mnara mrefu, sauti kubwa. Watu wakianza kubishana kuhusu kifuniko kimoja, hapo nyamaza uandike. Ule ubishi ndio data yenyewe.

Nyanza Takwimu
Meza ya watu wanane inakula asubuhi nzima, na meza ya Kakamega huwezi kuilinganisha na ya Nakuru. Vifuniko vinne vya huku si vinne vya kule.

Mama Kibuye
Nani alisema nalinganisha? Wewe ukiona watu unaona desimali.

Nyanza Takwimu
Na wewe ukiona soda unaona mbinu ya utafiti 😂

Section 58
Tukirudi kwenye grupu. Ukilisoma, jumbe nyingi ni rambirambi, michango ya harusi na matangazo ya kazi. Hayo nayo tuyahesabu?

Kalamu ya Lanet
Usihesabu. Ni kelele.

Omwami wa Luanda
Yahesabu! Mtu kutoka Kericho kufika kwenye mazishi Butere ni kiungo kizito kuliko "ushauri wa kazi". Ila kihesabu peke yake, usikichanganye na vingine. Viungo vya msiba vinabana watu wanaofanana tayari: lugha moja, kanisa moja. Habari mpya hupita kwingine. Mwanasosholojia Mark Granovetter alilionyesha 1973 kwa waliobadilisha kazi kule Marekani. Waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walimwona mara mojamoja na 27.8 kwa nadra. Kwa hiyo mhitimu mwenye mistari mitatu hafifu kwenda kaunti tatu anaweza kuwa na faida kuliko mwenye kumi na mitano ndani ya mtaa mmoja kama Kondele, Kisumu.

Dunga Machweo
Sahihi. Na msipeleke hojaji wiki ambayo tangazo la ruzuku ndogo limetoka. Watu watajibu kama wanaomba ruzuku.

Section 58
Bando la shilingi 100 kwa kila anayejibu, utafika hiyo asilimia 80.

Mama Kibuye
Ukilipia majibu utapata majibu. Ukweli sijui. Piga simu, dakika saba, umalize.

Section 58
Simu nayo inakula pesa, mama.

Nyanza Takwimu
Jambo ambalo wengi huliruka ni hali ya mwanzo. Kundi la Nakuru mara nyingi lina watu waliosoma shule moja au chuo kimoja. Mistari yao ilikuwepo kabla ya programu, na programu inajisifia nayo. Orodha ile ile ya majina, siku ya kwanza, swali moja: "nani mlikuwa mnajuana?" Baada ya mwaka unatoa jozi hizo za zamani, unabaki na zilizozaliwa na programu. Ukiweza, fuatilia pia waliokosa nafasi kwa tofauti ndogo tu kwenye usaili. Kama na wao wamejenga mitandao sawa, programu ina la kujibu.

Na mhitimu akisema mtandao ulimsaidia, mambo manne: nini kimebadilika, nani alikibadilisha, mtandao ulichangia wapi hasa, na ni nani wa nje atakayethibitisha. Bila huyo wa nne, hiyo ni shukrani tu.

Kalamu ya Lanet
Kundi jipya linaripoti Jumatatu hapa mjini. Hilo swali la siku ya kwanza naliingiza kwenye usajili, au lingoje kipindi cha mchana wakishatulia?

Mama Kibuye
Kwenye usajili, kabla ya chai ya saa nne. Baada ya chai wameshajuana.