Naomba ushauri: walezi wangu wanaogopa kuwatoa watoto nje

Wadau habari za leo. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana hapa Morogoro, watoto wa miaka miwili hadi minne. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wenye mwembe mkubwa, na masika hii umejaa jongoo na konokono. Watoto wanatamani kushinda huko. Ila dada zangu wawili wakiwatoa, kazi ni moja: "Usiguse! Utachafuka! Toka hapo!" Si wavivu, na watoto wanawapenda. Wanaogopa mtoto akiumwa na mdudu lawama zitawaangukia wao. Kuna mzazi pia alishakuja juu kwa sababu ya tope kwenye nguo. Niwasaidieje?

MamaBustani: Pole dada. Anza na walezi wenyewe, watoto wakiwa wamelala. Zungukeni uwanja, mkague pamoja. Wafundishe kumjua jongoo na tandu. Jongoo ni wa mviringo, anakwenda taratibu, ukimgusa anajikunja. Tandu ni bapa, ana mbio, na anauma. Jongoo naye hutoa majimaji yanayowasha macho, kwa hiyo apandishwe kwenye kijiti watoto wamtazame miguu inavyopishana. Konokono wasimshike, hubeba vimelea. Wakirudi ndani, mikono kwa sabuni.

MkulimaMoro: Usisahau mimea. Kama ua wako ni wa mnyaa, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Mnyonyo ng'oa kabisa. Mbegu zake zina madoa mazuri, mtoto lazima azitamani, na akitafuna ni sumu kali.

TichaChekechea: Ukiwakataza kusema "usiguse", wape cha kusema. "Umeona nini?" "Anaelekea wapi huyo?" Halafu wanyamaze. Mtoto wa miaka mitatu anachelewa kujibu, na hapo ndipo walezi wengi hudakia. Si lazima mlezi ajue kila mdudu, anaweza kusema "sijui, hebu tumwangalie." Mmoja aongoze, mwenzake kazi yake iwe kuhesabu watoto tu. Wazazi waombe nguo kuukuu za kuchezea, na jioni mzazi aelezwe mwanawe kaona nini. Wengi hulainika hapo.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana, Mungu awabariki. Mnyonyo upo, tena karibu na bomba, kesho unatoka. Na siafu je?

MamaBustani: Mlezi akague uwanja kila asubuhi kabla ya kuwatoa. Akikuta msafara wa siafu, siku hiyo msitoke, watazameni dirishani.