Naomba ushauri: sakafu ya garaji, karo (vigae) ao rangi ya epoksi?

Bandugu wa Goma, naomba mawazo yenu. Nimejenga garaji ya gari moja pale Himbi, imebaki sakafu tu. Chini tulijaza mawe ya volkano, juu yake masoni akamwaga betoni. Shida ni kwamba inatoa unga kila nikifagia, na mchanga mweusi unaoingia na matairi unaisaga kama msasa. Mazuti ikidondoka, doa halitoki tena.

Fundi mmoja anasukuma karo za kung'aa. Mimi sizitaki: zikilowa zinateleza, na penye uwazi chini yake, ukiweka kriki ya kuinua gari zinapasuka. (Zinapendeza, sikatai, lakini hii si saluni ya kupokea wageni.)

Mwingine anataka epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya dawa mbili. Najua betoni mpya huachwa walau siku 28 kabla ya kupakwa, na unyevu ukipanda kutoka chini rangi inabanduka. Hapo ndipo nina mashaka, maana wakati wa mvua kona moja hubaki nyeusi kwa maji.

Kuna aliyepaka hapa mjini na bado imeshika pale matairi yanaposimama? Ao niongeze tu tabaka la simenti nzito, lipigwe mwiko wa chuma? Bei nayo msinifiche, kwa dola ao kwa franka.