Yadi za Tanga, namba ya chesisi mnatuficha ya nini?

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Mjomba wangu ametoa advansi ya pikapu ya Toyota Tundra ya 2022 kwenye yadi moja hapa Tanga mjini. Gari limetoka Marekani, usukani kushoto. Nilipoomba namba ya chesisi nilikague, jamaa akaniwakia: "Hayo mambo ya Wamarekani, huku gari inatembea." Mjomba kudai hela yake, anaambiwa advansi hairudi.

Hairudi kwa sheria ipi?

Mei 2024 Toyota ilitangaza Tundra na Lexus LX kama 102,000 za 2022 na 2023 huko Marekani zirudishwe kurekebishwa. Chenga za chuma zilibaki ndani ya injini tangu inachongwa kiwandani. Zikiingia kwenye beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, injini inagonga, inakosa nguvu, hata kuzima gari likiwa kwenye mwendo. Uko njia ya Segera usiku, malori nyuma yako, gari linakufa. Hayo ndiyo "mambo ya Wamarekani"? Novemba 2025 wakaongeza kama 127,000, zikiwemo za 2024 na Lexus GX. Za haibridi, zile za mafuta na umeme, hazimo.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Kule sheria inamkataza muuzaji kukabidhi gari jipya ambalo kasoro yake iliyotangazwa haijarekebishwa, lakini lililotumika halibanwi hivyo. Linapita mnadani, linapanda meli, linatufikia na injini ileile. Mwenye gari Marekani anarekebishiwa bure. Injini ikifia Muheza nani ananunua nyingine, huyu wa yadi? Thubutu!

Wenye pikapu za GM (General Motors) za V8 lita 6.2, za 2021 hadi 2024, nanyi mmo: karibu 600,000 ziliitwa zirudishwe Aprili 2025 kwa kasoro za krenki na konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki). Zilizopita ukaguzi zinahamishwa kutoka oili ya 0W-20 kwenda 0W-40, ambayo ni nzito zaidi injini ikiwa moto. Muuzaji akinyamaza, fundi wako ataendelea kumwaga ya zamani.

Kukagua ni bure. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, unaingiza herufi na tarakimu 17 za chesisi, inakuonyesha kama kuna kazi haijafanyika. Akisema injini ilishabadilishwa, akupe karatasi ya gereji. Hana, usitoe hata senti.

Mjomba anataka hela yake yote. Aliyewahi kurudishiwa advansi kwa kwenda FCC (Tume ya Ushindani) au mahakamani, naomba aniambie nianzie wapi, Jumatatu naenda.