Faili la karatasi au mfumo wa kompyuta kwa kituo cha afya?

Mfawidhi: Wakuu, kituo kinapokea wagonjwa kama 120 kwa siku na masijala imejaa. Tubaki na mafaili au tuhamie kwenye mfumo? Umeme unakatika sana.

Masijala: Mkuu, faili nyingi "zilizopotea" zimerudishwa pasipo pake tu. Panga kwa tarakimu mbili za mwisho: namba 04-31-72 inakaa rafu ya 72, fungu la 31, nafasi ya 04. Faili likitoka, acha kadi mahali pake yenye tarehe na chumba lilikokwenda. Ni rahisi na haili umeme. Tatizo, faili likiwa kwa daktari, maabara na dirisha la dawa wanalisubiri.

FundiSeva: Wengi wanapigia hesabu kompyuta, umeme wanausahau. Kompyuta 6 za wati 60 ni wati 360. Kwa saa 8 ni wati-saa 2,880, na seva, ile kompyuta kuu inayotunza taarifa zote, hujaihesabu. Betri ya maji ya 12V 200Ah inabeba 2,400, lakini ukiizoesha kushuka chini ya nusu inakufa mapema. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe kompyuta, nayo inakula chake. Nunua betri 4, tatu zitakuchosha. Seva ikae hapo hapo kituoni ili intaneti ikikata kazi iendelee. Nakala rudufu ichukuliwe kila jioni, diski ilale jengo jingine, na kila mwezi mjaribu kuifungua. Bila hivyo mtagundua haisomeki siku seva imeungua.

Nesi_OPD: Mimi naangalia dozi. Digoksini, dawa ya moyo, 0.25 mg, nukta ikififia kwenye karatasi, inasomeka 25. Hapo mfumo unaokoa. Ila una hatari yake: Mwanaidi Juma akirudi akaandikwa Mwanahidi, anapewa namba mpya, na mzio wake wa penisilini unabaki kwenye namba ya zamani. Mapokezi watafute kwa namba ya simu au ya bima kwanza, jina mwisho.

Masijala: Kweli kabisa. Na kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za huduma za afya, kikijazwa kwa mkono huku GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali kwa vituo vya afya, nayo ikijazwa, takwimu za mwisho wa mwezi zinagongana.

Mfawidhi: Na mafaili ya zamani?

FundiSeva: Usiyaskani yote. Mgonjwa akirudi, ingiza mzio, magonjwa sugu na dawa anazotumia sasa, basi. Mapokezi wawe na fomu 50 zenye namba zilizotengwa kwa ajili ya umeme kukatika. Zikiingizwa baadaye, iandikwe saa mgonjwa aliyohudumiwa, siyo saa ya kuingiza, la sivyo dozi ya saa 4 itaonekana imetolewa saa 9.